Haki ya Mrina Asali

Mirdif ni kitongoji cha Dubai kilicho mbali kidogo na bahari, mtaa wa nyumba zenye ua na bustani, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ngurumo za ndege ni sehemu ya siku. Jirani yake ni Hifadhi ya Mushrif, palipobaki msitu wa miti ya ghaf, mti ambao Falme za Kiarabu ziliuteua kuwa mti wa taifa mwaka 2008. Mahali kama hapa, penye familia zinazotaka watoto wao wajue chakula kinatoka wapi, darasa la vitendo la ufugaji nyuki halimshangazi mtu. Kule Hatta, sehemu ya Dubai iliyo milimani, ipo bustani ya nyuki inayowavalisha wageni mavazi ya kinga na kuwafungulia mizinga waone kwa macho yao. Mwanafunzi hupewa veli, glavu na bomba la moshi. Fremu huinuliwa, nta inayoziba sega hukatwa kwa kisu, na asali huanza kuchuruzika. Wengi watasema hiyo ni burudani ya mwisho wa wiki. Lakini kisu kinapopita juu ya nta, kuna swali ambalo mwalimu na mwanafunzi wamekwisha kulijibu kwa mikono yao, wakijua wasijue: ni kwa haki gani mtu anachukua chakula ambacho kiumbe mwingine amejiwekea akiba?

Jibu la kwanza linalomjia Mwislamu mdomoni, awe wa Mirdif au wa Mombasa, limo katika Surat An-Nahl, sura ya 16 iliyobeba jina la nyuki mwenyewe. Aya ya 68 na ya 69 zinaeleza jinsi Mwenyezi Mungu alivyomfunulia nyuki mahali pa kukaa, cha kula na njia za kupita, na jinsi kinywaji kitokacho tumboni mwake kilivyo na ponyo kwa watu. Mazungumzo mengi huishia kwenye hilo neno ponyo, kana kwamba hati ya umiliki imekwisha kutiwa sahihi. Tuzisome tena aya hizo tukiangalia ni nani anayeamrishwa. Amri ya kujenga, ya kula na ya kufuata njia zote anapewa nyuki. Binadamu hapewi amri hata moja. Haambiwi chukua, wala haambiwi kiasi gani. Anaarifiwa kwamba kuna manufaa, kisha aya inafungwa kwa kusema kwamba humo mna ishara kwa wanaotafakari. Kwa hiyo sehemu ya binadamu katika aya hizi ni kufikiri, na mtu aliyekwisha kula kabla ya kufikiri amelichukua fungu lake bila kutimiza sharti lake.

Hoja yangu ni hii. Haki ya kurina asali haitokani na ruhusa peke yake, wala na kumiliki mzinga, wala na kuwa na nguvu kuliko mdudu. Inatokana na elimu, tena elimu ya aina maalumu: kujua kiasi cha kuacha. Asiyejua cha kuacha hana haki ya kuchukua, hata kama asali yenyewe ni halali. Hili si jambo geni katika sheria. Ng'ombe na mbuzi ni halali, lakini uhalali huo haumwondolei mchinjaji wajibu wa kunoa kisu na kumpunguzia mnyama mateso. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume alikataza kuua viumbe wanne, na nyuki ni mmoja wao. Makatazo hayo pamoja na ruhusa ya kula asali yanamweka mrinaji kwenye njia nyembamba: anaruhusiwa kuingia katika nyumba ya kiumbe ambaye haruhusiwi kumwangamiza. Wanazuoni walibishana juu ya zaka ya asali. Wahanafi na Wahanbali wakaona inatolewa sehemu moja ya kumi, Washafi, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, na Wamaliki, ambao madhehebu yao ndiyo yenye mizizi Dubai, wakaona haitolewi. Mzozo huo ni juu ya fungu la maskini. Fungu la nyuki halikuhitaji mzozo, kwa sababu mtu akilila hilo, mwaka unaofuata hapatakuwa na kitu cha kubishania.

Elimu hii ya kiasi ndiyo hasa inayofundishwa katika darasa la vitendo, hata pale tangazo lake linapoahidi asali tu. Mwanafunzi huonyeshwa kwamba fremu iliyozibwa kwa nta sehemu kubwa imeiva, na ile iliyo wazi bado ina maji mengi. Mbochi, yaani maji matamu ya maua, huletwa mzingani yakiwa mepesi sana. Nyuki huyapitisha mdomo kwa mdomo na kuyapepea kwa mbawa mpaka maji yashuke chini ya sehemu 20 katika 100, ndipo huyafunika. Kuchukua kabla ya hapo ni kuwakatiza nyuki kazi yao na kupata asali itakayochacha. Huonyeshwa pia tofauti ya sega la asali na sega la majana, ili asikamue watoto pamoja na chakula. Halafu anafundishwa kalenda. Katika Ghuba miti mikuu ya asali ni miwili: sidri, ambayo Waswahili tunaijua kwa jina la mkunazi, mti ambao majani yake huoshea maiti wetu, nayo huchanua majira ya vuli, na samari, ambayo ni jamii ya mgunga, nayo huchanua joto linapoanza kupanda. Baada ya hapo huja miezi ambayo joto hupita nyuzi 40 siku baada ya siku na maua ni haba. Nyuki hulazimika kuyaweka majana yao katika joto la nyuzi 34 au 35, na huko Dubai maana yake ni kuchota maji, kuyatandaza juu ya masega na kupepea mchana kutwa. Kazi hiyo inalishwa na akiba ileile ambayo mrinaji anaitazama kama mavuno. Anayerina mwezi wa tano bila kuufikiria mwezi wa nane anakula kiyoyozi cha wenyeji wake.

Ushahidi wa wazi kuliko wote uko katika nyuki mdogo ambaye hafugwi katika masanduku. Katika bustani za Ghuba hupatikana nyuki anayeitwa kitaalamu Apis florea, ambaye hutundika sega moja tu, la ukubwa wa kiganja, kwenye tawi lenye kivuli. Asali hukaa juu, pale sega linapolizunguka tawi. Majana hukaa chini. Huko Oman, nchi ambayo maelfu ya familia zake bado huzungumza Kiswahili nyumbani, warinaji wa kienyeji wamekuwa wakiikata sehemu ya asali, wakiliacha sega la majana likiwa zima na kulibana upya mahali penye kivuli ili kundi liendelee. Katika sega la ukubwa wa kiganja hakuna nafasi ya kubahatisha. Kisu kikishuka kidogo tu, umeua kizazi. Ustadi na uadilifu hapo havitengani: mtu mwenye nia njema lakini mkono mjinga ataharibu sawasawa na mwizi, na kundi halitajua tofauti yao.

Afrika Mashariki na Kusini nayo ina ushahidi wake, nao unaonyesha kwamba swali la cha kuacha ni la zamani kuliko mizinga. Ndege mlembe huwaongoza watu hadi penye nyuki, naye hula nta na majana. Padri wa Kireno João dos Santos, aliyekuwa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika habari za ndege aliyeingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta na aliyewapeleka watu kwenye asali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ulionyesha kwamba mlio maalumu ambao warinaji hurithishwa na wazee wao uliongeza uwezekano wa kuongozwa na mlembe kutoka kama asilimia 33 hadi 66. Wayao humwachia ndege nta yake. Wahadzabe wa Tanzania, kwa upande wao, wameonekana wakiichoma au kuificha nta ili ndege abaki na njaa na aendelee kuwaongoza. Mtu anaweza kusema kwamba Wahadzabe wanaivunja hoja yangu, kwa kuwa wao hawaachi. Naona kinyume chake. Wayao na Wahadzabe wanatofautiana juu ya jibu, lakini wote wawili wanaamua juu ya kinachobaki kwa kufikiria kesho ya uhusiano wao na kiumbe mwingine, na wote wamejifunza uamuzi huo porini, nyuma ya mtu aliyetangulia. Asiye na haki ni yule ambaye swali lenyewe halijamjia.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wale wanaosema kwamba kurina kokote ni wizi, na kwamba mwizi mwenye kiasi bado ni mwizi. Hili halikuanza na watu wa leo wasiokula kitu chochote kitokanacho na wanyama. Abu al-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Syria aliyefariki mwaka 1057, aliacha nyama, maziwa, mayai na hata asali, akiona kwamba nyuki hawakuikusanya ili wampe mtu. Anastahili kujibiwa kwa heshima, na jibu la kwanza ni kukubali kwamba alikuwa na hoja dhidi ya warinaji wengi wa zama zake na wa zama zetu. Aliposhindwa ni kudhani kwamba akiba ya nyuki ni kiasi kilichofungwa. Maua yakiwa mengi na nafasi ikiwepo, kundi huendelea kuweka akiba hata baada ya kupita mahitaji yake, kwa hiyo ziada ipo. Lakini ziada ni kipimo, na kipimo hakidhaniwi, hupimwa. Zaidi ya hayo, kujitenga kabisa na nyuki hakuna usafi tunaoufikiria. Utitiri wa varroa, uliohamia kwa nyuki wetu kutoka kwa nyuki wa Asia, umesambazwa duniani kwa biashara ya binadamu, na makundi mengi yenye asili ya Ulaya hayadumu miaka mingi bila kutunzwa. Mtu akifunga mlango wa uhusiano ambao umekwisha kumdhuru mwenzake, amekwepa deni tu. Kwa hiyo al-Maarri anatufundisha nani asirine. Hatufundishi kwamba hakuna wa kurina.

Pingamizi la pili ni la mwenye mali. Mzinga ni wangu, nyuki nimewanunua, sukari ya kuwalisha kiangazi nimeigharamia. Ni nani wa kuniuliza? Biashara ya Ghuba inalipa pingamizi hili nguvu, kwa maana makundi mengi huagizwa kutoka nje, Misri ikiwa mojawapo ya wauzaji wakubwa, na nyuki waliozoea hali ya hewa nyingine hufa kwa wingi joto linapofika. Kwa hesabu ya pesa, kundi likifa hununuliwa jingine. Hapa ndipo aya ya 68 inapofaa kurudiwa, kwa sababu miongoni mwa makao aliyofunuliwa nyuki yamo yale watu wanayojenga. Anayejenga mzinga anajiweka katika nafasi ya mwenyeji, na kila Mswahili anajua mwenyeji ana wajibu gani. Mgeni anaweza kusaidia kazi, hata jembe tumezoea kumpa baada ya siku mbili; lakini hakuna anayemkaribisha mgeni ili amfilisi kisha amlaumu kwa kufa njaa. Umiliki unanipa haki dhidi ya jirani yangu asije akauchukua mzinga. Haunipi haki dhidi ya nyuki aliyemo ndani. Kwa sababu hiyo, mwenye mizinga 100 asiyejua hali ya hata mmoja ana haki ndogo kuliko Muomani mwenye sega moja la tawini.

Pingamizi la tatu linakubali umuhimu wa elimu lakini linauliza kwa nini iwe ya mikono. Vitabu vipo, video zipo, na Dubai haina uhaba wa intaneti. Historia ya elimu ya nyuki yenyewe inajibu. Aristotle aliandika mengi juu ya nyuki, na alimwita kiongozi wa mzinga mfalme. Vitabu vikanukuu vitabu kwa karne nyingi, na kosa likasafiri navyo. Lilikuja kusahihishwa kwa ushahidi wa mwili pale Mholanzi Jan Swammerdam alipompasua huyo mfalme katika karne ya 17 akamkuta ana mifuko ya mayai. Mfano mwingine unagusa zaidi. François Huber wa Geneva, aliyechapisha uchunguzi wake mkubwa mwaka 1792, alikuwa kipofu kama al-Maarri. Aliuliza maswali, na mtumishi wake François Burnens akafungua masega, akakamata nyuki mmoja mmoja na kueleza alichokiona. Kipofu huyo alielewa mzinga kuliko wasomi wengi wenye macho, kwa sababu kati ya fikra zake na nyuki palikuwa na mikono. Uzito wa fremu, mlio wa kundi lililopoteza malkia, harufu ya majana yaliyougua, kiasi cha moshi kinachotuliza bila kukera: hivi vinaweza kuandikwa, lakini mtu hujua kuwa ameelewa pale tu anapovishika. Na kiasi cha kuacha kimo katika vitu hivyo.

Bado liko wazo moja ambalo mahubiri mengi hulirudia: kwamba nyuki amefunuliwa kila kitu na Mola wake, hajifunzi, wakati binadamu lazima asome, kwa hiyo darasa ni alama ya upungufu wetu. Wazo hili linamsifu nyuki kwa jambo ambalo si lake lote. Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza jinsi nyuki anavyocheza juu ya sega ili kuwaonyesha wenzake upande na umbali wa maua. Mwaka 2023 watafiti wa China na Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo yanayoongeza neno: nyuki wachanga walionyimwa nafasi ya kuwafuata wachezaji wazoefu walicheza kwa makosa mengi zaidi, na ingawa baadaye walirekebisha upande, makosa yao ya umbali yalibaki maisha yao yote. Kumbe ndani ya mzinga nako kuna darasa la vitendo. Ufunuo haukufuta kujifunza. Ulipitia humohumo, kwa mdogo kumfuata mkubwa hatua kwa hatua. Basi mwanafunzi wa Mirdif anayemfuata mwalimu wake kati ya fremu haonyeshi udhalili wa binadamu mbele ya mdudu. Anafanya lile ambalo nyuki hufanya ili awe nyuki kamili.

Tunasema fuata nyuki ule asali, na kwa kawaida tunalichukulia neno kufuata kama njia ya kufikia kula. Methali nyingine inatuonya kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Na kitabu cha Mithali katika Biblia, sura ya 25, kinamshauri aliyepata asali ale kinachomtosha asije akatapika. Hekima hizi zote zinajua kwamba utamu hauna breki yake mwenyewe na kwamba breki inatoka kwingine. Mahali pa breki hiyo, kwa anayerina, ni elimu ya mkono uliofundishwa kusimama. Kwa hiyo naliweka ombi langu kwa walimu wa madarasa haya, wawe Mirdif, Hatta, au katika chuo cha ufugaji nyuki cha Tabora ambako vijana hujifunza kuweka moshi mahali pa mwenge wa moto: somo la kwanza lisiwe la kukamua. Mwanafunzi afungue mzinga, ahesabu fremu za akiba, akadirie miezi ya ukame iliyo mbele, aseme kwa sauti ni ngapi zitabaki, kisha aufunge mzinga na kurudi nyumbani mikono mitupu. Akirudi wiki inayofuata na hesabu yake ikawa sahihi, mpeni kisu.